Rimu za aloi zimechakaa: upulize rangi, upige rangi ya unga, uzikereze, au ununue nyingine?

Magari mengi tunayoendesha Uganda yametoka Japani yakiwa yametumika, na sheria ya mwaka 2018 inaruhusu gari liingie nchini mradi halijazidi miaka 15 tangu litengenezwe. Kwa hiyo Toyota Premio au Subaru Forester unayoichukua leo bondi (yadi ya magari yaliyoagizwa) inaweza kuja na rimu ambazo vanishi yake ya kiwandani imepigwa na jua na mvua kwa zaidi ya miaka kumi. Ongeza kokoto, mashimo ya Kampala na kona za zege unazozikwangua ukiegesha. Haupiti muda, rimu zinatoa mabaka meupe, ukingo unachubuka, na gari lote linaonekana limechoka hata kama bodi imetoka kupigwa polishi.

Ukianza kuulizia, kila mtu atakuuzia kile alicho nacho. Mwenye kompresa atasema tupulize. Mwenye jiko la rangi ya unga atasema tuchome. Mwenye mashine ya kereza atasema tukate. Muuza spea wa soko la Kisekka, Kampala, atakwambia usijisumbue, seti nyingine hii hapa, chukua. Kila mmoja wao ana haki kwa rimu fulani na barabara fulani. Mimi naamini mtu achague kwa kuangalia mambo mawili: chuma kilicho chini ya rangi kikoje, na gari linapita wapi kila siku. Mng'ao uje baadaye.

Kabla ya rangi, ipime rimu

Rimu ya aloi ni aluminiamu iliyochanganywa na silikoni na magnesiamu kidogo, ikamiminwa kwenye kalibu, kisha ikapitishwa kiwandani kwenye joto la vipimo ili iwe ngumu. Ugumu huo umeletwa na joto, na joto lisilopimwa linauondoa. Ndiyo maana simwelewi fundi wa kando ya barabara anayenyoosha rimu iliyopinda kwa moto wa gesi na nyundo. Chuma cha kawaida kikishika moto huwa chekundu, na fundi anajua amefika wapi. Aluminiamu haimpi ishara hiyo. Inabaki na rangi yake ileile mpaka inapokaribia kuyeyuka. Ataipiga, itanyooka, itapendeza, na itakuwa laini kuliko ilivyotoka kiwandani. Shimo lijalo litaikunja upya au kuipasua kabisa.

Ukingo wa ndani uliopinda kidogo unaweza kunyooshwa kwa mashine ya haidroli, taratibu, na rimu ikabaki salama. Ufa ni habari nyingine. Ukiuona kwenye spoki, karibu na matundu ya nati, au pale tairi linapokalia, usikubali kuchomelewa. Katwe wapo mafundi wa kuchomelea aluminiamu kwa gesi ya argoni wenye mkono mzuri sana, na kwa tenki au bomba ningewapa kazi bila wasiwasi. Lakini rimu imebeba familia yako kwenye barabara ya Masaka, na pembeni mwa mshono wa kuchomelea chuma kimelainishwa na joto. Ufa hupenda kurudi papo hapo.

Kupima si kazi kubwa. Tairi likiwa na upepo wa kutosha, mwagia rimu maji ya sabuni pande zote mbili, hasa upande wa ndani ambao huwa hatuutazami, uangalie mapovu. Halafu iweke kwenye mashine ya balansi, iache izunguke, na uusogeze ukucha au penseli karibu na ukingo bila kugusa. Nafasi ikiwa inapanuka na kubana kila mzunguko, rimu imepinda. Rimu iliyoshindwa hapa haihitaji rangi. Ruka mpaka kwenye sehemu ya mitumba.

Kupuliza na unga

Hapa ndipo wengi wanapokwama, kwa sababu siku ya kwanza rimu hizi mbili hazitofautiani. Ziweke ubavu kwa ubavu juu ya meza, hata fundi atalazimika kuzisogeza kwenye mwanga.

Rangi ya kupuliza ni ile ya majimaji, sawa na ya bodi ya gari. Inapigwa praima (rangi ya msingi ya kushikisha), kisha rangi yenyewe, kisha vanishi. Iliyo bora ni ya kuchanganya na hadina (dawa ya kuigandisha), inayokauka kwa kemikali zake kushikana. Ya makopo ya kubonyeza, ambayo haina hadina, inakauka kwa tina (kiyeyushi cha rangi) kuruka hewani tu, na petroli ikiidondokea inalainika. Ukitaka kujua umepewa ipi, subiri wiki ipite, chukua kitambaa chenye tina kidogo, usugue sehemu iliyofichika nyuma ya spoki. Kitambaa kikitoka na rangi, hapakuwa na hadina.

Rangi ya unga haina tina. Ni unga mkavu unaopulizwa ukiwa na chaji ya umeme, na rimu imeunganishwa na ardhi, kwa hiyo unga unaivamia wenyewe na kuishika. Kisha rimu inaingia kwenye jiko, kwa kawaida nyuzi 180 hadi 200 za Selsiasi, dakika 10 hadi 20 baada ya chuma chenyewe kufikia joto hilo. Unga unayeyuka, unatandazika na kuwa ngozi moja ngumu ya kama maikroni 60 hadi 100.

Kwa kuvumilia kokoto, unga unashinda. Ngozi yake ni ngumu lakini ina mnyumbuko, jiwe linaipiga na kuruka. Gari linaloshinda kwenye barabara za udongo za Karamoja, au linalotoka lami kila jioni kuingia kijijini kwenye changarawe, ningelipeleka kwenye unga bila kusita. Vilevile kwa joto la breki. Anayeteremka Kapchorwa au milima ya Kabale anaijua harufu ya breki iliyochemka, na vanishi ya majimaji hafifu hugeuka njano kwenye joto la namna hiyo.

Kwa kurekebisha, kupuliza kunashinda, tena kwa mbali. Ukikwangua ukingo mwezi ujao, fundi wa kupuliza atasugua pale palipoumia kwa msasa, ataziba, atapuliza na kufifisha kingo zake mpaka usione alipoanzia. Rangi ya unga haipokei kiraka. Utapaka rangi ya majimaji juu yake na kiraka kitaonekana, au uitoe yote, upige mchanga, uchome upya. Na kuchoma upya mara nyingi si jambo la kuzoea, kwa sababu kila safari ya jikoni ni joto lingine kwa aloi iliyokwisha pimiwa joto lake. Nyuzi 200 kwa dakika 20 aloi inahimili. Jiko la kujitengenezea lisilo na kipimo, lililofika 250 na rimu ikakaa humo saa nzima, linalainisha chuma, na wewe unapewa rimu inayong'aa tu. Muulize mwenye jiko akuonyeshe kipimo cha joto. Asiye nacho, mshukuru uende.

Kwa rangi yenyewe: kama ni rimu moja tu kati ya nne iliyoharibika, chagua kupuliza. Fundi anaweza kuchanganya fedha ya kiwandani tone kwa tone mpaka ifanane na wenzake watatu. Unga unakuja na rangi yake kwenye mfuko, hauchanganywi papo hapo, na rimu moja itabaki mgeni kati ya nne. Kama ni zote nne, na hasa ukitaka nyeusi au kijivu cha risasi, tofauti hiyo inapotea.

Kwa hali ya hewa ya Kampala, unga una nafasi nzuri zaidi ya watu wanavyodhani. Mvua za Machi hadi Mei na zile za Septemba hadi Novemba zinajaza hewa unyevu. Tina ikiruka haraka inapoza uso wa rangi, unyevu unatua juu yake, na vanishi inabaki na ukungu kama maziwa. Fundi mzuri wa kupuliza atasubiri jua la saa tano au atatumia tina ya polepole. Asiye mzuri atapuliza mawingu yakiwa juu ya kichwa chake kwa sababu ulimwambia unaitaka jioni. Adui wa jiko ni umeme kukatika katikati ya kuchoma. Unga ulioiva nusu unaonekana sawa lakini unatoka kwa kucha. Uliza kama wana jenereta.

Kuna kona moja ambayo unga unashindwa, na ningependa uitazame kabla hujalipa. Pale spoki mbili zinapokutana na pipa la rimu, ndani kabisa kwenye pembe, chaji ya umeme inausukuma unga kwenye kingo za karibu na kuacha pembe na vumbi jembamba. Washa tochi ya simu, ingiza jicho mle. Ukiona chuma kinachungulia kijivu, kutu nyeupe itaanzia hapo. Kwa rimu zenye spoki nyingi nyembamba, zile za mtindo wa wavu, fundi wa kupuliza mwenye bastola ndogo anafika mahali unga haufiki vizuri.

Kazi ya chini, ambayo hailipiwi vya kutosha

"Mzee, hii ni kazi ya leo tu, jioni unachukua."

"Na tairi mtatoa?"

"Ya nini, mzee wangu? Tunabandika gazeti, tunapuliza, basi."

Ukisikia hivyo, washa gari uondoke, hata kama bei ni ya kuvutia. Kutu ya aluminiamu ni nyeupe, na inapenda kuanzia pale mpira wa tairi unapobanana na rimu, mahali maji yanaponasa. Ikiachwa humo ikafunikwa na rangi, inaendelea kula kutoka chini na kuinua rangi mpya. Ndiyo hiyo hiyo inayofanya tairi lipungue upepo kidogo kidogo na wewe ukamlaumu fundi wa pancha. Tairi litoke, vali ya upepo itoke, vyuma vya balansi vitoke. Kwa unga huna hata la kubishana, maana mpira hauwezi kuingia kwenye jiko la nyuzi 200. Na hiyo ni sababu moja ya kazi za unga kutoka safi zaidi.

Halafu aluminiamu tupu hujivisha haraka utando mwembamba wa oksaidi, na rangi iliyopigwa moja kwa moja juu yake hutoka kwa maganda. Kwa kupuliza, lazima ipite praima ya epoksi au ya asidi. Kwa unga, rimu ya kumiminwa ina vishimo vidogo vyenye hewa na mafuta ya zamani. Isipopitishwa jikoni kwanza ikiwa tupu ili ijitapishe, vitatoka wakati unga unayeyuka na kuacha vitundu kama vya sindano. Puti ya kawaida ya kuzibia mabonde ya bodi nayo haivumilii jiko, inavimba. Kwa hiyo michubuko mirefu kwenye rimu ya unga inatakiwa isuguliwe mpaka iishe, isifunikwe kwa puti.

Kuhusu kutoa rangi ya zamani, kuna wanaotumbukiza rimu kwenye maji ya kostiki soda kwa kuwa ni rahisi na haraka. Kostiki inakula aluminiamu yenyewe. Yale mapovu unayoyaona yakifoka ni haidrojeni inayotoka chuma kikiliwa. Kataa. Kupiga mchanga ni salama kwa rimu kama presha si kubwa mno, lakini mchanga wa kawaida unatoa vumbi la silika ambalo likiingia mapafuni halitoki. Karakana makini hutumia chembe za kioo au za oksaidi ya aluminiamu. Vivyo hivyo kwa vanishi ya hadina: ina isosianeti, sumu ya mapafu, na yule kijana anayepuliza akiwa amefunga leso mdomoni anaumia kila siku. Mimi humpa kazi mwenye barakoa ya vichujio. Anayeyajali mapafu yake mara nyingi anaijali na rimu yangu.

Mkato wa almasi

Hizi ni zile rimu ambazo uso wake unang'aa kama fedha yenye mistari midogo midogo ya duara, na mashimo kati ya spoki yamepakwa nyeusi au kijivu. Uso haujapakwa rangi. Umekerezwa kwa mashine ya kompyuta yenye kisu cha almasi, kisha ukafunikwa na vanishi peke yake. Gereji nyingi hazina mashine hiyo, na ukiipata, gharama inapita njia mbili za kwanza.

Ni nzuri, sikatai. Chini ya mataa ya usiku pale Kololo hakuna rimu inayoipita. Lakini kwa barabara zetu nyingi siishauri, kwa sababu vanishi imekaa juu ya chuma tupu bila praima, na kwenye kingo kali zilizoachwa na kisu inakuwa nyembamba. Jiwe moja likiipasua, maji yanaingia na kutambaa chini yake, na utaona nyuzi nyeupe zikijikunja kama njia za minyoo. Hapo hakuna kiraka. Inakerezwa tena, na kila mkato unakula sehemu ya milimita ya chuma. Mafundi makini hawapendi kupita mikato miwili au mitatu katika maisha ya rimu. Ukinunua gari lililotumika, hujui wa kwanza wako ni wa ngapi.

Anayeishi Entebbe na kufanya kazi mjini, anayepita barabara ya kasi iliyofunguliwa 2018 asubuhi na jioni, hajui vumbi, anaweza kujipa raha hiyo. Wengine, kama rimu zako zilikuja na mkato wa almasi na umeharibika, fikiria kuzipaka fedha zote kwa unga. Zitapoteza ule mchanganyiko wa rangi mbili, lakini zitaacha kukuletea gharama kila baada ya mvua.

Kung'arisha chuma tupu mpaka kiwe kioo, bila vanishi, ni kwa mwenye muda wa kusugua kila wikendi. Ngozi ya mpira inayopulizwa na kubanduliwa ni ya kujaribu rangi tu. Haitibu chochote kilicho chini yake. Rimu za kromu nazo zina kesi yake: kromu lazima ivuliwe kwa kemikali kabla ya rangi yoyote, na ikianza kuchubuka ina kingo kali kama wembe. Kwa kromu, mara nyingi kununua nyingine ni nafuu.

Mitumba ya Kisekka na Ndeeba

Wakati mwingine seti nzima ya mtumba inakaribia gharama ya kurekebisha nne vizuri. Hapo kununua kunaingia akilini, lakini nenda na vipimo vyako mkononi, usiende na jina la gari peke yake.

Wish na Premio nyingi zina nati tano kwenye duara la milimita 100. Harrier na Noah zina tano kwenye 114.3. Kwa macho zinafanana, na yupo atakayekulazimishia. Kisha tundu la katikati: Toyota nyingi za nati tano kwenye milimita 100 (5x100) zina milimita 54.1, Subaru ina 56.1. Rimu ya Subaru itaingia kwenye Toyota, ila iwekewe pete ya kuziba ile nafasi, la sivyo usukani utatetemeka. Ya Toyota haitaingia kwenye habu ya Subaru, yaani kitovu ambacho rimu inafungwa. Akitaka kuikereza ipanuke, mwache nayo.

Igeuze rimu utazame nyuma. Alama ya JWL iliyochongwa kwenye chuma ni ya kiwango cha Japani kwa rimu za aloi za magari madogo. Tazama pia kama upande wa ndani umeliwa na kutu nyeupe huku mbele pakimeta. Huko Japani sehemu zenye theluji humwagiwa chumvi barabarani, na watu wengi wana seti ya pili ya rimu kwa ajili ya matairi ya baridi. Seti hizo zinafika hapa pia, zimeoshwa mbele, zimeachwa nyuma.

Na uliza kwa upole kama imepakwa hapa. Rimu yenye rangi mpya kabisa kwenye duka la mitumba imefunikwa kwa sababu fulani. Bora uchukue yenye michubuko yake ya kweli, uipime kwa maji ya sabuni, halafu uipake mwenyewe.

Ningechagua nini

Teksi au gari la kukodisha linalogonga kona kila wiki: kupuliza kwa hadina, kwa fundi wa karibu anayeweza kugusia bila kutoa seti nzima. Gari la familia linalokwenda kijijini mwisho wa mwezi, rimu zote nne zimechoka lakini nzima: unga, rangi ya kijivu isiyoonyesha vumbi jekundu. Rimu moja imeumia: puliza hiyo moja. Ufa: nunua. Rimu za mkato wa almasi kwenye gari linalolala kwenye lami na kuamkia kwenye lami: kereza, kama ni mara ya kwanza.

Njia yoyote utakayochukua, mwambie fundi azibe kwa utepe mahali pawili kabla ya rangi: uso wa nyuma unaokalia habu, na vikombe vya nati. Rangi ikibaki hapo, hasa ya unga, inabanwa taratibu gari likitembea na nati zinalegea zenyewe. Vyuma vya balansi viwe vya kubandika ndani, visiwe vya kugongelea ukingoni kwenye rangi mpya. Nati zikazwe kwa spana ya kipimo; Toyota nyingi ndogo ni nyutonimita 103. Baada ya kilomita 50 hadi 100, rudi uzikaze tena. Na kama ulipuliza, wiki ya kwanza usiruhusu maji ya presha wala sabuni kali ya kuoshea rimu. Maji na shampuu ya gari vinatosha.